Kope Nyeusi Kwenye Kibiriti

Pahi, Kondoa
Alhamisi, 6 Julai 2023

Mwanangu Msafiri,

Asalaam aleikum. Mimi mzima kwa kusema tu. Macho yananitesa, na upepo huu wa Julai unamwaga vumbi kana kwamba umetumwa kwangu. Usishangae kupata barua wakati watu siku hizi wanapigiana simu. Simu ya nyumba hii iko mkononi mwa mkeo. Ukipiga, Hamida ndiye anayepokea, Hamida ndiye anayeweka sauti ya juu ati masikio yangu mazito, kisha anakaa hapo hapo anachambua mboga. Nitasema nini mbele yake? Ndiyo maana, kwa kuwa macho hayafuati tena mstari, nimemwomba jirani yetu Uwesu, yule aliyekuwa karani wa kijiji, anishikie kalamu. Barua ataipeleka mwenyewe kwa kondakta wa basi la Dodoma. Nawe ukinijibu, andika jina la Uwesu juu ya bahasha.

Ugonjwa wangu unaujua. Kope zimegeukia ndani, nikipepesa tu zinakwangua jicho, na dawa yake niliyoizoea ni kung'oa. Kila Ijumaa asubuhi mkeo anatandika mkeka juani, nalaza kichwa pajani pake, anazing'oa kwa kibano moja moja. Mkono wake mwepesi, hapo simwonei. Siku zote nilidhani anazipuliza, zinakwenda na upepo.

Juzi natafuta chumvi nyuma ya debe la unga, mkono ukagusa kibiriti. Nikakitikisa, hakina njiti. Nikakifungua. Ndani mna kope, mwanangu. Zimelazwa juu ya pamba kama kitu cha thamani.

Macho yangu mabovu lakini sijawa kipofu. Nilikwenda nazo mlangoni penye mwanga. Zipo nyeupe, hizo zangu. Zipo na nyeusi. Sasa nyeusi za nani? Mimi nyeusi ziliniisha wewe hujaoa.

Mtu haweki nywele za mwenzake bila kazi. Alipoingia nyumba hii nilimwonya mwenyewe kwamba nywele na kucha zinazikwa, hazitupwi ovyo, asije mbaya akaziokota. Kumbe namfundisha mwizi njia ya ghalani. Tena kila Alhamisi anajifunga khanga mpya anatoka, anarudi jua limepinda. Leo ni Alhamisi na hayupo, ndiyo maana nasema kwa nafasi. Akiongea na ndugu zake wa Kwa Mtoro anaongea Kisandawe, ile lugha yao ya kugonga ulimi, wala sijui wananiombea dua au wananipimia kaburi.

Kibiriti nimekirudisha pale pale. Usimwambie neno. Mchunguze.

Mama yako,
Mwantum

Ndugu Msafiri: maneno hapo juu ni ya mama yako, mwandiko ni wangu. Mimi si mtu wa kuingilia nyumba za watu. Ila kwa kuwa kalamu imo mkononi, nakujulisha kuwa mkeo ameonekana amesimama barabarani na mwanamume mwenye pikipiki, mgeni, na walizungumza muda wa kutosha. — Uwesu

*

Nzuguni, Dodoma
14 Julai 2023

Mke wangu Hamida,

Salaam. Natumaini mnaendelea vizuri, na mwanetu Abuu huko shule ya bweni hajambo. Nimeona leo nikuandikie, maana kwenye simu mama huwa yupo na mambo mengine ni ya mtu na mkewe.

Kazi ipo. Tunachomelea mageti ya nyumba mpya huku upande wa Nzuguni, nyumba zinaota kila kukicha. Macho yananiwasha sana, lakini ni mwanga wa kuchomelea, mafundi wote tunalia. Matonya, fundi mwenzangu, ameoa mke wa pili. Wa kwanza macho yamemharibikia, anapapasa hata sufuria. Tulimcheka kidogo, kisha nikamwambia umefanya la maana, mke asiyeuona moto wa jiko ni mtihani.

Nina mambo madogo ya kukuuliza. Mama bado unamng'oa kope? Zikishatoka unazipeleka wapi? Nauliza tu. Na Alhamisi siku hizi unakuwa wapi? Wiki iliyopita nilipiga mchana, simu ikaita mpaka ikachoka.

Jingine. Usiku wa Idi nilipokuja, nilishtuka usingizini nikakuta umenimulika usoni kwa tochi ya simu, kidole chako kimeinua kope yangu. Ukasema unatafuta mbu. Nimelifikiria sana jambo hilo. Mbu gani anakaa ndani ya jicho la mtu?

Nijibu kwa barua.

Mumeo,
Msafiri

*

Pahi
22 Julai 2023

Baba Abuu,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeipata. Mara ya mwisho kuniandikia ilikuwa wakati wa uchumba, na ile ilikuwa na maua pembeni. Hii haina maua. Ina maswali, na anayeuliza anasema anauliza tu.

Nyumbani hatujambo. Uwele tumeshapiga, umeingia ndani. Mama anakula, anaswali, ananigombeza, kwa hiyo mzima. Macho yake hayana nafuu. Kope namng'oa Ijumaa kama ulivyozoea kuona, na zikitoka zinatoka, zinakwenda wapi kope?

Alhamisi ni siku ya kikundi chetu cha akina mama. Simu naiacha nyumbani kwa ajili ya chaji.

Hilo la mbu limekukaa moyoni tangu Idi, na mimi sikujua. Lakini na mimi nikuulize. Macho yako yanawasha asubuhi ukiamka, kabla hujagusa mashine? Yanatoa tongo? Unahisi kama kuna mchanga? Usijifute uso kwa taulo la wenzako, na wao wasijifutie lako. Nawa uso kwa maji safi, hata kama ni kikombe kimoja. Usiniulize nimeyatoa wapi.

Msalimie Matonya. Yule mke wake wa kwanza anakaa na nani sasa?

Mkeo,
Hamida

*

Pahi
Alhamisi, 3 Agosti 2023

Mwanangu Msafiri,

Barua yako Uwesu amenisomea, nikamwambia arudie. Kwa hiyo mkeo amekwambia Alhamisi ni siku ya kikundi. Kikundi chao kinakaa Jumamosi, chini ya bati la mwenyekiti wao, na kelele zao zinafika mpaka msikitini. Hilo hata mbuzi wa kijiji hiki wanalijua. Mtu anayekudanganya siku, atakudanganya na mengine.

Nakumbuka sasa mambo ambayo nilikuwa nayaona madogo. Walipopita kugawa vidonge vya vikope nyumba kwa nyumba, mkeo alinisimamia kama askari mpaka nikaweka mdomoni. Nikavitema nyuma ya banda. Kuku walivila na hawakufa, nikaona basi si sumu, lakini kwa nini alikuwa na haraka hivyo? Halafu ananiambia, mama, twende tukapasuliwe kope, ni jambo dogo. Dogo kwa nani? Dada yangu alikwenda kupasuliwa macho akiwa anaona kivuli cha mtu. Aliporudi hakuona hata kivuli. Nikaapa mbele ya mkeo kwamba mtu wa hospitali akikanyaga uwanja wangu namwagia majivu ya moto, na yeye asilitaje tena neno hilo. Akaapa hatalitaja. Kukubali kwake upesi ndiko kunakonitisha.

Ijumaa iliyopita sikulaza kichwa pajani pake. Nilimwambia najisikia nafuu. Kibano nimekificha. Kibiriti nimekichukua, kope zote nimezichoma jikoni, nyeupe na nyeusi, na nimesoma nilichojua kusoma. Sasa dada yake Uwesu ndiye ananing'oa. Mkono wake mzito kidogo, anakata nyingine katikati, lakini najua zinakokwenda.

Nyeusi, mwanangu, nimekaa nikazifikiria. Alikumulika usiku wa Idi, umeniandikia mwenyewe. Na macho yako yanawasha tangu Idi. Unataka nikutafunie?

Mpe talaka yake aende kwao. Nyumba hii haitoshi watu wawili wasioaminiana, na mimi siendi popote.

Mama yako,
Mwantum

*

Nzuguni
9 Agosti 2023

Hamida,

Sitazunguka. Kikundi chenu kinakaa Jumamosi. Umenidanganya.

Nina maswali matatu. Kwenye kibiriti nyuma ya debe la unga uliweka kope za mama yangu, za kazi gani? Mwanamume wa pikipiki ni nani? Na zile kope nyeusi zilizokuwa humo ni za nani? Kama ni zangu, sema ni zangu, nijue ninachoumwa.

Tangu nisikie habari hizi kazi haishikiki. Jana nimejiangalia kwenye kioo cha pikipiki ya mteja, macho mekundu, nikaanza kuhesabu kope zangu kama mwendawazimu. Matonya ananiambia mwanamke akishika nywele zako umekwisha. Sipendi kuamini. Lakini wewe mwenyewe umenifunga mlango wa kuamini kitu kingine.

Funga vitu vyako uende Kwa Mtoro kwa wazazi wako. Nikipata nafasi nitakuja, na hapo nitaamua urudi au nikupe karatasi yako.

Msafiri

*

Kwa Mtoro, Chemba
20 Agosti 2023

Baba Abuu,

Nimefika kwetu. Baba aliniuliza nimekosa nini, nikamwambia hata mimi nasubiri kuambiwa. Nilitoka Pahi mchana kweupe na begi kichwani, na dada yake Uwesu amesimama mlangoni kwangu kama anapokea nyumba.

Nakujibu mawili kwanza.

Kibiriti. Ulipokuwa shule, walipotaka kutupima minyoo, si tulipeleka choo kwenye kibiriti? Mtu hakupelekwa, kilipelekwa choo, na majibu yakaja. Mama yako ameapa hapelekwi hospitali na hospitali isije kwake. Mimi namwona kila Ijumaa: jicho la kushoto linaanza kufanya ukungu katikati. Nikasema, kama mtu hataki kwenda, ziende kope zake. Nikazikusanya kwenye kibiriti, na Alhamisi, siku ya macho pale kituo cha afya, nikazipeleka.

Mganga wa macho anaitwa Cornel. Ndiye mwenye pikipiki. Alifungua kibiriti akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Mama, umeniletea ufagio. Mimi nataka kuona nyumba." Kibiriti alinirudishia, nikakificha nyuma ya debe nikitafuta pa kuzizika, kama mama alivyonionya. Kisha akaacha kucheka akanieleza. Ule ni ugonjwa wa vikope, wao wanauita trakoma. Ni vijidudu, wala si mtu. Vinaanza utotoni, vinapita kwa mikono, kwa nguo ya kufutia uso, kwa inzi anayetoka jicho la huyu kwenda la yule. Mtoto anaumwa macho, anapona, anaumwa tena, miaka na miaka, na kila mara kope kwa ndani inabaki na kovu. Makovu yakizidi yanavuta ngozi, kope inajikunja, nywele zake zinaanza kusaga kioo cha jicho. Vidonge vinaua vijidudu, havinyooshi kope iliyokwisha kupinda. Kung'oa kunatuliza siku chache, halafu zinaota upya. Ikikatika katikati ni hatari zaidi, inabaki kisiki kinachochoma. Dawa yake ni upasuaji mdogo wa kuigeuza kope itazame nje. Mgonjwa anachomwa sindano ya ganzi, anaongea huku anashonwa, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Nilimuuliza na habari za dada yake mama. Akasema hakumwona, hawezi kumsemea, lakini wengi hungoja mpaka kioo cha jicho kimekuwa cheupe, na kovu la pale upasuaji haulifuti. Unazuia lisiongezeke tu. Siku ile barabarani alikuwa anakuja kuzungumza na mama. Mimi ndiye niliyemzuia, nikamwambia kuhusu majivu ya moto. Uwesu aliona pikipiki, hakuona mtu anayebembelezwa arudi alikotoka.

Nilikudanganya siku ya kikundi, kweli. Ningesema hospitali, ungemuuliza mama, na nilikwisha kumwapia sitalitaja.

Usiku wa Idi nilikuwa natazama kama na wewe umeshika njia ya mama yako. Sikukuta kope iliyopinda. Sikung'oa hata moja.

Swali la kope nyeusi silijibu. Si zako. Ukitaka kujua kwa nini silijibu, ikumbuke barua uliyoniandikia ya tarehe kumi na nne, pale penye habari za Matonya.

Karatasi yangu ukitaka kuileta, ilete. Lakini mpeleke mama yako kwanza. Mimi nina kwetu, jicho halina.

Hamida

*

Pahi
29 Agosti 2023

Ndugu Msafiri,

Baada ya salamu. Safari hii maneno ni yangu na mwandiko ni wangu, mama yako hajui kama naandika.

Hali ya Bi Mwantum si nzuri. Ana siku kadhaa hatoki ndani, amefunga dirisha kwa blanketi, hataki hata mwanga wa kibatari. Jicho la kushoto limevimba, machozi yanatoka bila kukoma, na alipoinua kitambaa nimeona doa jeupe. Dada yangu alijitahidi kumng'oa, lakini naye si mtaalamu, kope nyingi zimekatikia katikati. Mama yako amemwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na dada amesusa.

Ieleweke kwamba mimi nilikuwa kalamu tu. Kuhusu pikipiki, nilieleza nilichokiona na sikuongeza. Nimekuja kupata habari kwamba yule bwana ni mganga wa macho, jambo ambalo halikuandikwa kwenye pikipiki yake.

Tumemshauri akatibiwe, amekataa. Imamu amekuja, amekataa. Uje mwenyewe, na uje haraka. Simu sikuipiga kwa sababu sikupenda kuyasema haya nikasikia unanyamaza.

Uwesu

*

Pahi
4 Septemba 2023

Hamida,

Nimefika huku juzi. Nilikuta giza ndani, nikadhani hakuna mtu. Nilipomwamkia shikamoo akajibu marahaba kutoka kwenye kona, sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Nimembembeleza tangu nifike. Nimemsomea barua yako yote, hata pale pa ufagio na nyumba. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema hiyo hadithi imepangwa vizuri mno kuwa ya kweli, mtu mwenye haki huongea kwa kukosea kosea. Na mimi wazo hilo lilinipita kichwani.

Jana nilikwenda kituo cha afya kumtafuta huyo Cornel. Nilikwenda kumkamata, sikufichi. Nilimkuta anamwosha macho bibi mmoja. Nikamuuliza unamjua mke wangu, akasema, "Mama wa kibiriti? Mbona Alhamisi hizi haji?" Akauliza hali ya mama na akauliza hali yako. Nikamwambia hali yake kwa nini? Akasema atakayejibu hilo ni wewe. Sikupenda jibu hilo. Kila mtu anajua kitu kuhusu mke wangu isipokuwa mimi.

Alichosema juu ya mama ni kwamba asipopelekwa wiki hii jicho moja litakwenda, na jingine linafuata njia.

Leo alfajiri mama ameniita. Alikuwa ameumwa usiku wote. Ameniambia, na mimi nakuandikia kama alivyosema: "Mlete huyo mchawi. Kama nitapofushwa, nipofushwe na mwenye mkono mwepesi." Hataki kwenda na mimi. Anataka wewe ndiye umshike kichwa.

Mtu wa kuleta barua hii ana pikipiki, atakusubiri. Sijui kama nakuamini, Hamida. Barua yangu ya tarehe kumi na nne nimejaribu kuikumbuka, habari za Matonya nilizitia kama mzaha, sioni kibiriti kinaingiaje pale. Lakini njoo. Karatasi sijaandika.

Msafiri

*

Pahi
30 Septemba 2023

Mwanangu Msafiri,

Asalaam aleikum. Umeshautambua mwandiko, ni wa mkeo. Uwesu nimempumzisha. Nilimwambia kalamu yake ina masikio, akanuna, lakini jana ameleta maboga, kwa hiyo tunasalimiana.

Ulipoondoka kurudi kazini nilikuwa bado na bandeji. Sasa nakueleza jinsi ilivyokuwa, kwa sababu umeniuliza kwa simu na mimi kwa simu siongei. Nilimwambia Cornel kabla hajanigusa kwamba nikitoka kipofu nitamfuata mpaka kwao. Akasema sawa, bibi, nitakuachia ramani. Sindano ya kwanza iliuma nikamtukana. Baada ya hapo sikusikia maumivu, nasikia tu kitu kinavutwa. Mkeo ameshika kichwa changu huku na huku, ananisimulia bei ya uwele ili nikasirike nisiogope. Kesho yake wakafungua bandeji. Baada ya wiki na siku kadhaa wakatoa nyuzi.

Nikapepesa, Msafiri. Nikangoja kile kitu kinichome kama kinavyonichoma siku zote. Hakikuchoma. Nikapepesa tena. Cornel akauliza, bibi mbona unalia, nikamwambia hayakuhusu.

Jicho la kulia linaona vizuri. La kushoto lina ukungu wake na hautatoka, kovu limeshakaa. Hizo ni wiki nilizokuwa nimefunga dirisha, na kibano kiko kwa mkono mzito. Sitaki mtu anifariji juu ya hilo. Vidonge safari hii nimemeza mbele ya mashahidi, ingawa hata sasa siamini kitu chenye rangi ya waridi.

Cornel aliniuliza watoto wangu niliwafuta uso kwa kitu gani walipokuwa wadogo. Nikasema kwa pindo la khanga yangu, kama mama yeyote. Na macho yako mwenyewe, bibi? Kwa pindo hilo hilo. Akasema, basi vijidudu vilipita hapo. Basi macho yako hayajarogwa. Nenda hospitali hapo Dodoma yakatazamwe, usiseme ni mwanga wa mageti. Na mlipie Matonya kioo akajitazame na yeye.

Sasa zile kope nyeusi.

Juzi nilikaa mlangoni mkeo anapepeta. Mwanga ulikuwa unampiga usoni. Miaka mingapi nimekaa na mtu huyu, na sikuwahi kuuona uso wake vizuri hivyo, kwa sababu kila nilipokuwa karibu naye nilikuwa nimelala chali nimefumba macho. Nikamwambia sogea hapa. Akasema kuna makapi, mama. Nikamwambia sogea. Msafiri, kope zake za juu zimebaki kama shamba lililoliwa na mbuzi, huku zipo, kule hakuna.

Hapa ameacha kuandika. Nimemwambia andika.

Nikamuuliza, nani anakung'oa? Akasema, "Najing'oa mwenyewe, mama. Nasimama kwenye kioo cha kabati." Jicho moja linaelekeza mkono na jingine linalia. Cornel alimwona siku ile ile alipopeleka kibiriti, na Alhamisi zote zilizofuata alikuwa anakwenda kutazamwa macho yake. Alimwangalia usoni akamwambia, hizi umezileta, na zako je? Kumbe zake alikuwa ameshazitia humo humo zipimwe pamoja, maana kwake ugonjwa ni mmoja, hata kibiriti kiwe kimoja. Akamwomba Cornel asimwambie mtu. Nikamuuliza kwa nini unamficha mumeo. Akaniletea barua yako, nikaisoma mwenyewe, kwa jicho langu la kulia. Uliandika kwamba mke asiyeuona moto wa jiko ni mtihani. Alichagua uamini ni mchawi kuliko ujue kwamba anaweza kupofuka.

Ameacha tena. Namsubiri.

Mimi nilimdhania mabaya, na ubaya huo nilikutumia wewe kwa basi. Nimemwambia hivyo mwenyewe, mdomo kwa sikio, si jambo la kuandikiwa. Akasema yameisha. Mimi ni mtu mzima, najua kwamba hayajaisha, yamekaa tu. Mimi hata sasa namtazama akiweka kitu nyuma ya debe. Ni chumvi. Nimeangalia.

Cornel atapasua tena pale kituo cha afya tarehe kumi na saba ya mwezi ujao, siku ya Jumanne, na jina lake nimeliandikisha mimi bila kumuuliza. Uje. Usilete zawadi na usilete maneno. Miaka yote kichwa changu kilikuwa na paja la kulalia juani, na yeye hakuwa nalo. Siku hiyo utakaa chini kwenye mkeka, utaweka paja, na kichwa cha mkeo kitakaa hapo mpaka ganzi iishe.

Mama yako,
Mwantum

Mwandishi hakutaka kuliandika hilo la paja. Ameliandika.